Tumbo la Dada wa Mtemi

Pamba ilikuwa imeshapimwa na fedha zake zimeshaliwa. Mabua yalibaki shambani yakisubiri kung'olewa na kuchomwa. Nilikaa chini ya mwembe pale Shishiyu, mkoani Simiyu, na mzee mmoja ambaye kijiji kizima humwita Guku, yaani babu. Kati yetu palikuwa na bakuli la michembe na karanga. Nilikuwa nimembebea kitabu cha picha, nikamfungulia ukurasa wenye wanaume wawili waliovaa sare za kijeshi za Kijerumani, Berlin, mwaka 1913. Ndevu zao ni zilezile na macho ni yaleyale.

"Hawa ni mapacha," alisema.

"Hapana, Guku. Huyu ni George wa Tano, mfalme wa Uingereza. Huyu ni Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi. Mama zao ni mtu na mdogo wake, mabinti wa mfalme wa Denmark."

"Basi ni ndugu. Mbona unasema hapana?"

Sikuwa na jibu. Kwetu watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu, wala hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Guku aliokota bua la pamba akachora mistari miwili vumbini. Kisha akauliza swali ambalo limezaa safu hii: "Na yule Kaisari wa Wajerumani aliyetutawala kwanza, yeye mama yake nani?"

Mama yake alikuwa Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye nyumbani walimwita Vicky. Aliolewa Ujerumani na tarehe 27 Januari 1859 akamzaa Wilhelm, mjukuu wa kwanza wa malkia yule. Uzazi ulikuwa mgumu, mtoto alitanguliza matako, na mkono wake wa kushoto ukadumaa maisha yake yote. Wilhelm alishika ufalme mwaka 1888, na ndiye aliyekuwa kwenye kiti bendera yake ilipopandishwa huku kwetu. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Mwanza, na baada ya vita Usukuma wote ukawa chini ya George wa Tano. George naye alikuwa mjukuu wa Victoria yuleyule, kwa upande wa mtoto wa kiume. Kwa hiyo ardhi tuliyokalia pale Shishiyu ilitawaliwa kwa zamu na wajukuu wawili wa bibi mmoja. Wapo watu wanaosimulia kwamba Victoria alimpa Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi. Huo ni uzushi mtamu tu, kwani mpaka ule ulichorwa na mabalozi mezani mwaka 1886. Lakini uzushi huo ulipata wasikilizaji kwa sababu watu walijua kwamba wakubwa wale walikuwa ukoo mmoja.

Guku aliutazama mchoro wake. Victoria juu. Chini yake Vicky na kaka yake Edward wa Saba, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910. Chini ya Vicky, Wilhelm. Chini ya Edward, George. Akagonga jina la Wilhelm kwa ncha ya bua. "Edward alipokufa, mrithi si huyu? Huyu ndiye mtoto wa dada."

Watu wa Ulaya wangecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwa sheria ya zamani ya utemi Guku alikuwa sahihi kabisa. Edward angekuwa mtemi wa Usukuma, banang'oma, wale wazee wa ikulu wenye kazi ya kumteua mtemi mpya, wasingeangalia kwanza wanawe. Wangeangalia wana wa dada zake. Dada mkubwa alikuwa Vicky, na mwanawe mkubwa alikuwa Wilhelm. Yaani Kaisari aliyepigana na Waingereza kuanzia 1914 alikuwa, kwa hesabu za ikulu ya Kisukuma, mrithi halali wa kiti cha Waingereza.

Hebu nieleze sheria hiyo, maana vijana wengi wa Bariadi na Maswa wanalijua neno "ikulu" kwa kuwa liko Dar es Salaam na Dodoma, bila kujua kwamba liliondoka huku magharibi. Ikulu ilikuwa boma la mtemi. Usukuma haukuwa ufalme mmoja. Ulikuwa mkusanyiko wa tawala zilizokaribia 50, Ntuzu, Itilima, Dutwa, Kanadi na nyingine, kila moja na mtemi wake, ngoma zake na kigoda chake. Tawala hizo zilitofautiana kwa mambo mengi, lakini katika sehemu kubwa ya Usukuma na Unyamwezi wa kale kiti kilipita kwa wanawake wa ukoo wa kitemi: kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa.

Je, wana wa mtemi mwenyewe waliishia wapi? Jibu limo ndani ya neno. Mkuu wa kijiji katika Usukuma aliitwa mwanangwa, na neno hilohilo ndilo lililotumika kumtaja mtoto wa mtemi. Mtoto wa kiume wa mtemi aligawiwa kijiji akisimamie. Alipata heshima, mashamba na watu wa kumlimia, ila kigoda hakukipata. Baba alimlea, akampenda, akamgawia ng'ombe. Lakini alipofumba macho, kijana kutoka nyumba nyingine, ambaye baba yake pengine alikuwa mkulima wa kawaida tu, ndiye aliyeketishwa.

Msukuma wa kawaida hakurithi namna hiyo. Kwake ng'ombe wa mahari ndio waliomleta mtoto kwenye boma la baba. Mahari ikishatolewa, mtoto ni wa huyo aliyeitoa. Kwa hiyo kwenye ardhi moja kulikuwa na hesabu mbili. Raia walihesabu kwa ng'ombe, ikulu ikahesabu kwa tumbo. Hiyo haikuwa bahati mbaya wala ushamba, bali jibu la swali linalousumbua kila ukoo unaotawala: tutajuaje kwamba huyu mtoto ni wetu?

Waswahili wana methali isemayo kitanda hakizai haramu. Maana yake, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, msichunguze. Ni methali ya hekima, tena ya huruma. Lakini mtu hatungi methali ya kuzuia uchunguzi mahali ambapo hakuna anayetaka kuchunguza. Ukoo unaorithi kwa baba umejengwa juu ya jambo lisiloonekana. Mama, kila mtu humwona akijifungua. Baba tunaelezwa tu.

Ulaya ilichagua kuelezwa, kisha ikaishi karne nyingi na wasiwasi wa chaguo hilo. Wasiwasi huo ukawekwa juu ya miili ya wanawake. Henry wa Nane wa Uingereza alimwacha Catherine wa Aragon kwa sababu hakumpatia mtoto wa kiume aliyeishi, na mwaka 1536 akamkata kichwa Anne Boleyn kwa mashtaka ya uzinzi. Marie Antoinette alipojifungua mtoto wake wa kwanza kwenye jumba la Versailles, Desemba 1778, chumba kilijaa watu wa baraza kwa mujibu wa desturi hadi hewa ikawa nzito na malkia akazirai. Hawakuja kumsaidia. Walikuja kuwa mashahidi.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1688. Mfalme James wa Pili wa Uingereza alikuwa Mkatoliki katika nchi ya Waprotestanti, na mkewe Mary wa Modena akazaa mtoto wa kiume mwezi wa sita. Chumbani walikuwamo makumi ya watu. Hata hivyo maadui wa mfalme walieneza habari kwamba mtoto huyo aliingizwa kwa siri ndani ya sufuria ya makaa ya kupashia kitanda joto. Watu wakaamini, au wakajifanya kuamini. Kabla mwaka haujaisha James alikuwa amekimbia, na kiti kikakaliwa na binti yake Mary pamoja na mumewe William wa Orange.

Nilipofika hapo Guku alinikatiza. "Huyo William ni nani kwa James?"

Mbali na kuwa mkwe wake, alikuwa mtoto wa dada yake. Mama yake William, Mary Stuart, na James walizaliwa tumbo moja. Guku alicheka mpaka akaweka chini bua lake. Waingereza, kwa kushindwa kumwamini mtoto wa mke wa mfalme, waliishia kumweka mpwa kwenye kiti.

Baadaye ikawa mazoea kwamba mtoto wa kifalme akizaliwa, waziri wa mambo ya ndani awepo karibu ili asije akabadilishwa. Elizabeth wa Pili alipozaliwa London mwaka 1926, waziri alikuwa ndani ya nyumba. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1948 tu, kabla ya kuzaliwa kwa Charles. Fikiria basi: mwaka 1926 ndio mwaka serikali ya Kiingereza ilipopitisha Tanganyika sheria ya mamlaka za wenyeji, ikaanza kuandika nani ni mtemi halali na nani si halali. Waliokuja kutusahihishia urithi wetu walikuwa bado wanamsimamisha waziri mlangoni mwa chumba cha uzazi.

Sasa tufike kwenye mabadiliko yenyewe. Sidhani kwamba yuko ofisa mmoja aliyesimama Malya au Shinyanga akaamuru: kuanzia leo mpwa harithi. Mambo yalikwenda kimyakimya. Mtemi alianza kulipwa mshahara, na mshahara ni mali ya mtu, si mali ya ukoo. Gavana Donald Cameron alitaka machifu wenye elimu, na mwaka 1925 serikali ikafungua Tabora shule kwa ajili ya watoto wa kiume wa machifu. Yatazame hayo maneno. Mwingereza alipouliza "mwana wa chifu yuko wapi?", alikuwa anamwulizia mtu ambaye utemi ulimtengea kijiji, si kigoda. Mtemi naye ni baba. Nani atakataa mwanawe asisome? Baada ya miaka kumi au kumi na mitano, ukoo ulikuwa na kijana mmoja anayejua kusoma barua za bwana shauri, na mpwa mmoja anayejua ng'ombe. Mjadala wa banang'oma ulikuwa umekwisha kabla haujaanza.

Mfano ulio wazi ni Busiya, Shinyanga. Mtemi Makwaia Mwandu alirithiwa mwaka 1945 na mwanawe David Kidaha Makwaia, kijana aliyesoma Makerere. Mwaka huohuo Kidaha na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Simlaumu Kidaha, na wala elimu yake haikuwa kosa. Nasema tu kwamba safari ile ya baba kwenda kwa mwana ilionekana ya kawaida kabisa, na hilo ndilo la kushangaza. Kizazi kimoja kabla yake, watu wangeuliza: na wana wa dada?

Aliyepoteza zaidi kwenye badiliko hilo hatajwi vitabuni. Ni dada wa mtemi. Chini ya sheria ya zamani ikulu ilimhitaji hata akiwa ameolewa mbali. Watoto wake walikuwa akiba ya utawala. Mumewe, hata akiwa mkulima wa mtama, alijua kwamba mkewe amebeba kitu ambacho ng'ombe hawawezi kukinunua. Sheria ilipogeuka, dada akawa shangazi tu: mtu wa kualikwa harusini, kupewa kitenge na kukaa mkekani. Umuhimu ukahamia kwa wake wa mtemi, na pamoja nao ukaja ule wasiwasi wa Ulaya. Mke yupi mkubwa? Mtoto yupi wa ndoa halali? Aliyeolewa kanisani au aliyeletwa kwa ng'ombe?

Hapa lazima nijizuie, maana msomaji anaweza kudhani nasifu enzi za wanawake kutawala. Hapana. Urithi wa upande wa mama haukumpa mama kiti. Ulimfanya njia, na njia hukanyagwa. Wapo wanawake walioketi wenyewe: Unyanyembe, baada ya Mtemi Isike kujilipua ndani ya boma lake mwaka 1893 akipigana na Wajerumani, ilitawaliwa na mwanamke aitwaye Nyaso. Lakini wengi waliishia kuwa mama na dada wa wanaume.

Wala nguvu ya mama haina maana ya amani. Majirani zetu wa Rwanda walimpa mama wa mfalme cheo chake rasmi, umugabekazi, na mfalme asiye na mama aliwekewa mwingine. Ndivyo Kanjogera alivyofanywa mama wa Mibambwe Rutarindwa ambaye hakumzaa. Mwaka 1896, pale Rucunshu, yeye na kaka zake wa ukoo wa Abega walimwondoa Rutarindwa kwa damu na moto, wakamweka Musinga, mtoto wa tumbo lake mwenyewe. Buganda nako mtoto wa mfalme huchukua ukoo wa mama yake, ili kila ukoo uwe na matumaini ya kumzaa kabaka. Ila mama huyo, Namasole, alifungwa na miiko yake. Mwaka 1941 Namasole Irene Namaganda, mjane wa Daudi Chwa, alitaka kuolewa tena na mwanamume wa kawaida. Nchi ilitikisika, na waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, akalazimika kujiuzulu kwa kuiruhusu ndoa hiyo. Miaka mitano tu kabla ya hapo Uingereza ilikuwa imempoteza mfalme, Edward wa Nane, kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Tofauti ni kwamba Edward aliachia kiti kwa hiari yake. Irene alitafuta mume, na anguko likamfika waziri.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Unguja, alitoroka mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakaoana Aden mwaka uliofuata. Mume akafa kwa ajali ya tramu Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 Bismarck, kansela wa Ujerumani, alimrudisha Unguja na wanawe ndani ya meli, wakati manowari za Ujerumani zikimkabili kaka yake, Sultani Barghash. Barghash hakumpokea. Kwa sheria ya Busaidi, ukoo wa masultani hao, mtoto wa Salme, Rudolph Said, hakuwa na lolote la kudai. Lakini mpeleke mtoto huyo ikulu ya Kisukuma: mtoto wa dada wa mtawala, amekuja kwa meli, mama yake anajulikana. Wazee wangemwangalia kwa jicho lingine. Siwezi kuamini kwamba Bismarck alikuwa anamfikiria Msukuma, ila alijua kwamba mtoto wa binti ya mfalme ni chombo cha kubana.

Nakumbuka jinsi Guku alivyonyamaza nilipomsimulia habari ya damu. Malkia Victoria alikuwa na kasoro ambayo haikumdhuru yeye: ugonjwa wa damu kutoganda, ambao huwatesa zaidi wavulana na hupitishwa na mama zao. Mwanawe Leopold alikufa nao. Binti yake Alice akampelekea bintiye Alix, Alix akaolewa na Nikolai wa Urusi, na mwaka 1904 akamzaa Alexei, mrithi pekee wa kiume, ambaye jeraha dogo lingeweza kumuua. Binti mwingine, Beatrice, aliupeleka Hispania kupitia mwanawe wa kike Victoria Eugenie. Kumbe ndani ya koo zilezile zilizoapa kwamba baba ndiye mwenye ukoo, mwili ulikuwa unarithisha kwa njia ya utemi: kutoka kwa mama, kupitia binti, hadi kwa mtoto wa binti. Taji lilishuka upande mmoja, ugonjwa ukashuka upande mwingine. Na tuseme kweli, Edward wa Saba hakuwa nao, kwa hiyo sheria ya baba iliiponya nyumba ya Uingereza. Laiti wangefuata sheria yetu, huenda taji na ugonjwa vingesafiri katika mtumbwi mmoja.

Undugu wenyewe nao haukumwokoa mtu. Nikolai alipopinduliwa mwaka 1917, serikali ya Uingereza kwanza ilikubali kumpokea, kisha George wa Tano akaona hatari kwa kiti chake, na mwaliko ukafutwa. Tarehe 17 Julai mwaka huo George alibadilisha jina la Kijerumani la nyumba yake akaiita Windsor. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyohiyo, Nikolai na Alix na watoto wao watano walipigwa risasi Yekaterinburg. Guku aliurudia ule ukurasa wa picha akaufunika kwa kiganja. "Mtoto wa mama yake mdogo," alisema. Hakuongeza neno.

Utemi wa kiserikali ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na hapo swali la mpwa au mwana likabaki bila kiti cha kugombea. Ngoma nyingine ziko Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Kisesa hiyohiyo, Septemba 2021, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wao kwa jina la Hangaya. Watu walishangilia mwanamke. Mimi nilikuwa nawaza dada wa watemi wote ambao majina yao hayamo kwenye orodha zinazoanza na "bin" na "mwana wa".

Ulaya yenyewe imeanza kulegea. Sweden ilibadilisha sheria mwaka 1980, mzaliwa wa kwanza arithi awe wa kike au wa kiume. Uingereza ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2013, ikaanza kutumika mwaka 2015. Binti wa Mwanamfalme William, Charlotte, alizaliwa mwaka huo. Mdogo wake Louis alipozaliwa mwaka 2018 hakumruka dada yake.

Nilimweleza Guku hayo jua likiwa limeshuka na kuku wameanza kupita juu ya mchoro wetu. Alichukua bua, akamchora Charlotte chini kabisa, pembeni ya mdogo wake Louis.

"Na huyu akizaa, watoto wake watakuwa mbele ya huyo mdogo wake?"

"Ndiyo, Guku. Mbele yake."

Alivuta mstari mmoja kutoka kwa Charlotte kwenda chini, akauacha wazi bila jina, kisha akauliza kama michembe imebaki.